Kabati Lililokwenda Bwera

Hata leo, redio ikifika saa ya matangazo ya mchana, huwa naizima. Watu wa nyumbani kwangu wanadhani naogopa kusikia habari za misiba. Waache wadhani hivyo. Msiba wangu mimi ni kabati.

Nianze na mimi mwenyewe, kwa sababu hadithi hii haina mwovu mwingine. Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza mwaka wa nne wa sekondari, nikarudi nyumbani, na tangu siku ile sijaona sababu kubwa ya kutoka. Nyumba yangu iko Kasese, upande wa Nyamwamba, vyumba viwili na ua. Watoto wangu wawili walikuwa shule za bweni. Baba yao alikuwa dereva wa malori, akionekana kama mwezi mwandamo: wote tunamtazamia, kisha mmoja anasema amemwona. Nikitaka chumvi nilisimama mlangoni nikaita, mpaka mwenye duka achoke aivushe barabara yeye mwenyewe. Ndugu zangu walinitania kwamba siku nitakapokufa itabidi wanizike sebuleni, maana kutoka nitakataa.

Kisha ikaja simu. Miaka ile simu za kugusa kioo zilikuwa zimeanza kushuka bei, dada yangu akaniachia yake yenye ufa, na ghafla soko zima likaingia chumbani kwangu nikiwa nimelala. Kulikuwa na kundi la kuuziana vitu vilivyotumika, watu wa Kasese na Bwera na vijiji vya katikati. Nililisoma kundi lile kama wengine wanavyosoma Biblia, asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Huyu anauza jiko la mafuta ya taa. Yule anauza godoro ambalo anaapa limelaliwa kidogo tu. Mwingine anauza viti vitatu vya seti ya vinne, na juu ya kile cha nne hasemi neno.

Humo ndimo nilimoona kabati la vioo. Lilikuwa jeupe, na vioo vyake viliteleza kwa kidole. Nikageuka nikaliangalia langu. Langu lilikuwa la mbao nzito, milango miwili juu na droo tatu chini, na mlango mmoja ulifunguka tu ukiupiga teke. Nililitazama kama mtu anavyomtazama mume baada ya kutoka harusi ya mwenzake. Nikaamua liuzwe.

Lakini niliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya bure. Mtaa wa pili, mama mmoja alikuwa ametangaza televisheni yake kwenye simu. Mnunuzi akaja mpaka nyumbani, akapewa chai, akasifu mapazia, akauliza kama kuna mbwa. Televisheni hakuinunua. Wiki ile ile wenzake wakaja wakaibeba, na mapazia pia.

Basi nikamwendea mshauri wangu. Huyu alikuwa jirani, mzee aliyestaafu jeshi, ambaye mtaa wote ulimwita afande. Alikaa kwenye kiti chake karibu na ua wetu tangu jua linapochomoza, akilinda kitu ambacho hakuna aliyejua ni nini. Hakuwahi kutoa shauri, alitoa amri.

"Wewe mama, sikia! Hapana toa jina yako. Hapana piga picha ya nyumba. Hapana tumia laini yako. Adui ya siku hizi hapiti porini, napita kwa simu!"

"Sasa tukutane wapi, afande?"

"Mahali ya watu. Mchana. Pale kwa mafuta. Dakika kumi, unatoka. Hapana kaa kupiga mdomo na mutu hujui."

Yalikuwa mashauri mazuri, na sehemu kubwa yake ningempa mtu yeyote hata sasa. Kukutana mchana, penye watu, mbali na mlango wako: nani atakataa? Tatizo ni mimi. Nikipewa dawa ya kijiko kimoja nakunywa chupa.

Niliazima laini ya zamani ya binamu yangu aliyehamia mbali. Nikajisajili kwenye kundi upya, na mahali pa uso wangu nikaweka picha ya ua waridi. Kabla ya kulipiga picha kabati nililitundikia shuka nyuma, ukuta usionekane, likakaa kama mtu anayepiga picha ya pasipoti. Nilijiona mjanja mno. Usiku ule nililala kama jenerali.

Siku ya tatu mtu wa Bwera akapiga. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, kile chenye Kongo ndani yake.

"Alo, mama? Ile kabati ingali iko? Miye niko naitaka."

Nilipoisikia sauti ile tu nikajua nimempata mwizi. Naandika hili nikiwa nimeinamisha kichwa. Mtu hakuwa amesema jambo baya lolote. Alikuwa ameuliza kama kabati lipo.

"Lipo," nikasema, kwa sauti nzito niliyoifanyia mazoezi.

"Na jina ya mama ni nani?"

Hapa lazima nieleze kitu kwa asiyetujua. Kwetu Wakonzo mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukiambiwa jina la mtu umejua amezaliwa wa ngapi. Mimi ni binti wa tatu. Nikampa jina la binti wa kwanza. Nilijisifu kwamba nimechagua jina lisiloshikika, na kweli halikushikika: kila nyumba ya Kikonzo yenye binti ina mmoja wa jina hilo. Ni kama kujificha sokoni kwa kusema unaitwa Mama.

Tulikutana Jumanne, kwenye kituo cha mafuta. Vijana wawili wa toroli walilisukuma kabati, mimi nikafuata kwa mbali nikijifanya sihusiki nalo. Nilivaa miwani nyeusi na kitambaa kilichonishuka mpaka kwenye nyusi. Kabla ya kufika nilikuwa nimeshasalimiwa na watu watatu kwa jina langu la kweli, na mmoja akaniuliza naumwa macho tangu lini.

Mnunuzi alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mwenye kofia ya kufuma na koti lililofuliwa mpaka likapauka. Alikuja na pikapu ya kukodi. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Nikamjibu "nzuri" tatu mfululizo nikitazama saa. Akalizunguka kabati, akaligonga mbavuni, akaupiga teke ule mlango na ukafunguka mara ya kwanza. Akacheka kama waliojuana.

Kisha akapiga magoti mbele ya droo, akaniita.

"Mama, kuja. Kwetu kitu ya zamani tunafungula pamoja, mwenye kuuza na mwenye kununua. Droo kwa droo. Pengine iko na kitu yako umesahau, kesho utasema muteja ni mwizi."

Ndivyo wanavyofanya wachuuzi wa vitu vya zamani kule kwao, niliambiwa baadaye. Mnafungua wote wawili, mnapapasa kila kona, mnatikisa, ndipo mnapeana mikono. Mimi nilijua tu kwamba dakika ya saba imepita na kwamba mtu huyu anataka kunichelewesha.

"Hakuna kitu," nikasema. "Nimetoa vyote. Chukua uende."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

Akaniangalia kidogo, akainua mabega. Walipokuwa wanalifunga kamba akaniuliza kama, akiona kitu, anipigie kwa namba ile. Nikasema ndiyo. Nilipofika nyumbani nikaizima ile laini, nikaiweka kwenye kopo la sukari.

Sasa nikuambie kilichokuwa ndani. Kilikuwa karatasi ya mama yangu.

Mama anaishi Karusandara, analima. Baba alipofariki, mama alinunua kipande cha shamba kando ya mfereji kwa jasho lake mwenyewe, mahindi kwa mahindi, na siku ya kununua wakaandikiana mkataba kwa kalamu: mpaka unaanzia wapi, unaishia wapi, muuzaji nani, mashahidi nani, dole gumba la kila mmoja. Nusu ya mashahidi wale wamekwisha kufa, na nakala nyingine haipo. Msimu wa mvua uliotangulia, paa lake lilipoanza kuvuja, aliileta karatasi ile kwangu mjini ikae pakavu. Aliikunja ndani ya mfuko wa plastiki, akainua gazeti lililotandikwa kwenye droo ya chini, akaiweka, akalirudisha gazeti vizuri kama alivyo yeye.

"Nimeiweka hapa, droo ya chini, chini ya gazeti. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilichosikia ni kwamba mtu wa Bwera anauza pasi. Macho yangu yalikuwa kwenye simu. Mama alisimama pale akinena na kisogo changu, nami nikaitikia kwa kisogo.

Wiki moja baada ya kuuza, nilikuwa uani nikichambua maharage, afande yuko kwenye kiti chake, redio inasoma matangazo. Baada ya misiba miwili na ng'ombe aliyepotea, mtangazaji akasema: mwanamke aliyeuza kabati la mbao kwa mtu wa Bwera, siku ya Jumanne, kwenye kituo cha mafuta hapa Kasese, na akataja lile jina la binti wa kwanza, anaombwa afike Bwera karibu na maegesho ya malori, aulize mwenye chai. Kuna kitu chake. Aje na jina la mzazi wake.

Mkono wangu ukasimama ndani ya maharage.

"Umesikia?" nikamwita afande.

"Ambush!" akasema, akasimama. "Nakuita mbali, mpakani, peke yako. Kitu gani hasemi. Halafu nataka jina ya mzazi! Ya nini?"

Kitu gani hakusema kwa sababu alikuwa na akili. Angetaja mkataba wa shamba redioni, kesho yake wangefika waongo kumi. Alikuwa anajilinda na watu asiowajua, kama mimi, ila yeye alijilinda kwa faida ya mtu mwingine. Hilo sikuliwaza. Nilichowaza ni kwamba nimemshinda mwizi. Nikaitoa laini kwenye kopo la sukari, nikaikata kwa mkasi vipande viwili, kisha vinne, afande akinihesabia.

Tangazo lilirudiwa siku tatu. Siku ya pili niliwaita jirani zangu waje kusikiliza. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaijua sauti ya mtangazaji, nikawa nasema pamoja naye, mkono kiunoni: "Aje na jina la mzazi wake!" Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Huko kwake Bwera, mtu yule alikuwa ameilipa redio ile kutoka mfukoni mwake.

Mama alikuja wiki mbili baadaye, Alhamisi, bila kupiga simu. Alikaa, akanywa maji, akanieleza. Jirani yake wa shamba alikuwa ameng'oa mimea ya mpaka na kuipanda upya hatua kumi na mbili ndani ya shamba la mama. Mwenyekiti wa kijiji ameitisha kikao Jumamosi, kulekule shambani. Mwenye karatasi aje na karatasi.

"Kwa hiyo nimekuja kuichukua," mama akasema, na akageuka upande wa kabati.

Kabati la vioo lilikuwa limesimama pale, jeupe, vikombe vyangu vyote vikionekana.

Mama aliweka kikombe chake cha maji chini. Alisimama, akasogea, akateleza kioo kwa kidole, kikateleza. Akainama kutafuta droo ya chini. Halikuwa na droo.

"Lile jingine liko wapi?"

"Niliuza."

"Kwa nani?"

Hilo ndilo swali ambalo nilikuwa nimefanya kila juhudi lisiwe na jibu. Jina lake sikuuliza. Namba yake ilikuwa ndani ya laini, na laini ilikuwa vipande vinne ndani ya choo. Nilikuwa nimejificha vizuri kiasi kwamba hata mimi sikuweza kujipata.

"Ulisema umesikia," mama akasema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Ndipo nikamweleza habari ya redio, nikiangalia sakafu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja: "Na mlikuwa mnacheka?"

Ijumaa asubuhi tulikwenda Bwera: mama, mimi, na afande ambaye alikataa kubaki. Alivaa buti. Njiani nilimnong'oneza afande jambo ambalo ningetoa kabati la vioo nisiwe nimelisema. Nilimwambia huenda mtu yule sasa ameshajua thamani ya karatasi, atataka kitu ndipo aiachie. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Nilitaka tu pawe na mtu mwingine wa kulaumiwa kabla hatujafika.

Mwenye chai hakuwa na siri. Karibu na maegesho ya malori ukiuliza mwenye chai, watu watano wanakuonyesha kwa vidole. Kilikuwa kibanda cha mabati, benchi mbili zimejaa madereva na wabebaji mizigo, na yeye mwenyewe, kofia ile ile, akimimina chai kutoka juu. Nyuma yake lilisimama kabati langu, limepakwa mafuta, linang'aa. Mlango ulikuwa umetengenezwa.

Kabla sijafungua mdomo afande alikuwa ameshaingia.

"Simama hapo! Weka birika chini! Wewe ndiye nashika karatasi ya watu? Nataka nini? Sema!"

Benchi zote mbili zikageuka. Dereva mmoja akachukua kikombe chake akasogea pembeni. Yule mtu akaweka birika chini polepole, mikono ikionekana, kama mtu aliyewahi kuamriwa hivyo mahali pengine pabaya zaidi. Na mimi ndiye niliyempa afande maneno yale. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikiwa na haya hata ya kuonekana.

Mama akampita afande kama anayepita mti.

"Wasibiri, mwanangu," akamsalimia yule mtu kwa Kikonzo, na akaendelea kwa Kiswahili chake cha shamba. "Mimi natafuta karatasi. Iko na jina langu." Akataja jina lake. Akataja la muuzaji. Akataja mashahidi mmoja baada ya mwingine, na wale waliokufa akawaita marehemu.

Yule mtu akamsikiliza mpaka mwisho, akiyafuata majina kwa midomo. Kisha akachukua ufunguo shingoni, akainama, akafungua droo ya chini.

"Ni weye, mama," akasema. "Niliacha palepale yenyewe ilikuwa. Hii droo sikutia hata kijiko."

Ilikuwa ndani ya plastiki yake, chini ya gazeti lile lile. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliifungua, akapitisha kidole juu ya madole gumba ya watu wake, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya gomesi, lile gauni lake refu la mkanda. Ndipo akakaa kwenye benchi.

Mtu wa chai akanigeukia. Akanitambua bila miwani, au labda aliitambua ile namna yangu ya kutazama chini.

"Mama kabati! Nimekutafuta! Namba haiiti. Nikaenda Kasese mara mbili. Nikauliza pale kwa mafuta, banasema hatumujui. Nikaenda kwa jina. Ee, mama! Banawake ba jina ile beko bengi! Moja, bwana yake akanifukuza na panga. Anasema, wewe na bibi yangu mulikutana wapi kwa kabati?"

Benchi zikaangua kicheko. Yeye pia akacheka. Afande akacheka, akapewa chai, akaketi.

"Jina ile si yako?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

"Si langu," nikasema. Nikamtajia langu.

"Binti wa tatu," akasema mama, bila kunitazama, kama mtu anayesahihisha daftari.

Yote haya yangetosha kwa aibu ya mtu mmoja, na kama ningesimama hapa mngeniona nimetubu. Lakini kulikuwa na Jumamosi.

Kikao kilifanyika shambani, watu wamesimama kando ya mfereji, mwenyekiti ameweka baiskeli yake juu ya tuta. Mama akatoa karatasi. Jirani wa shamba akaisoma, akaigeuza, akatabasamu.

"Hii karatasi ilikuwa wapi?" akauliza. "Watu wanasema imetoka Bwera jana. Karatasi ya Karusandara inatafuta nini Bwera? Nani anajua haikuandikwa hukohuko?"

Watu wakanung'unika. Nikamwona mama ameinua kidevu, na mkono wake umelishika gomesi pale karatasi ilipokuwa imelala. Shamba zima lilikuwa juu ya jibu moja.

"Aliyeitunza yuko hapa," mama akasema.

Maana mtu wa chai alikuwa amekuja. Hatukumwomba mara mbili. Mama alikuwa amemwambia tu siku na mahali, naye akafunga kibanda siku ya soko na kufika kabla yetu, viatu vimepigwa brashi. Akasimama mbele ya watu asiowajua akaeleza: alinunua kabati kwa mtoto wa mama huyu, karatasi ilikuwa chini ya gazeti, akaifungia mpaka mwenyewe aje. Akataja kila jina lililoandikwa ndani bila kuitazama, kwa sababu, alisema, aliisoma mara nyingi akitafuta ni nani wa kumrudishia. Jirani wa shamba akaacha kutabasamu.

Mwenyekiti akauliza, "Na kwa nini ukakaa nayo wiki tatu, karatasi ya mtu?"

Mtu wa chai akanitazama. Mara moja tu, kisha akaondoa macho.

"Bwera ni mbali, mwenyekiti," akasema. "Na miye niko na kazi ya chai. Ni kosa yangu."

"Ni kosa kweli," mwenyekiti akasema, na akamkaripia mbele ya wote: kitu cha mtu hakikaliwi, siku nyingine apeleke upesi kwa wakubwa, watu wa mpakani wamezoea kufanya mambo polepole. Wengine wakacheka. Yeye akaitikia kila neno. "Ndiyo, mwenyekiti. Pole, mwenyekiti."

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na miguu ya kusimamia. Ilikuwa sentensi moja tu: yeye alinitafuta, mimi nilijificha. Nikakaa kwenye tuta nikang'oa majani. Nilijiambia kwamba nikisema nitaharibu kesi ya mama, watu watauliza binti gani huyu. Si kweli. Kesi ilikuwa imeshaisha; mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye mfereji, na mimea ilikuwa inang'olewa kurudishwa ilipokuwa. Nilinyamaza kwa sababu ya wale waliokuwa wakicheka.

Nyumbani kwa mama kulikuwa na kuku na bundu, ule ugali wetu wa muhogo, umefunikwa. Mgeni akawekwa kwenye kiti chenye mgongo. Mama akaniambia, "Mnawishe."

Nikachukua jagi na beseni, nikapiga magoti mbele yake. Akatoa mikono, mikono ya mtu wa birika, yenye alama za moto kwenye vidole. Nikamimina. Akasugua, akasema, "Inatosha, mama." Nikaendelea kumimina. "Mama, inatosha." Beseni likajaa, maji yakamwagika juu ya viatu alivyovipiga brashi.

"Weka jagi chini," mama akasema nyuma yangu. "Sema unachotaka kusema."

Nikasema. Nilisema yote, tangu shuka nyuma ya kabati mpaka mkasi, mpaka kile kicheko cha uani, mpaka nilichomnong'oneza afande njiani. Yeye alinisikiliza huku maji yakimdondoka vidoleni, akisema tu "ee", "ee". Lakini mwenyekiti alikuwa ameshapanda baiskeli yake, na jirani wa shamba alikuwa ameshakwenda senta, kule penye maduka, kuwasimulia watu habari za yule mvivu wa Bwera.